Aliyesema Anatoka Castro

Mzee aliletwa hospitalini akiwa bado anapumua, na kabla karani hajamaliza kumuuliza jina, pumzi ilikuwa imeshakatika. Hakuwa na kitambulisho wala karatasi yoyote mfukoni. Basi wakamwandika hajulikani, wakamsukuma mochwari, na mhudumu wa mochwari akampigia simu Orfelina Chiguay.

"Doña Orfelina, njoo. Huyu ni wenu."

"Umejuaje kama ni wetu?"

"Soksi."

"Soksi zina nini?"

"Sufu nzito, bado inanuka kondoo, imefumwa na mtu aliyetaka soksi iishi kuliko mguu. Nani mwingine katika mji huu anavaa hizo kama si ninyi?"

Orfelina alivaa koti, akafunga kitambaa kichwani kwa mafundo mawili kwa sababu ya upepo, akatoka. Katika chama cha kufa na kuzikana cha watu wa visiwa vya Chiloé waliohamia mji wa Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, yeye ndiye aliyeshughulikia wagonjwa na wafu. Hakuna aliyewahi kumgombania nafasi hiyo. Wengine walipenda kusimamia ngoma za sikukuu, au karamu, au bendera. Yeye alipenda kujua mtu ni wa nani.

Mochwari alimtazama mzee kwa muda mrefu. Mikono mikubwa iliyopinda kwa kushika mkasi wa manyoya. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikatika nusu, zamani sana, kovu lake limeshakuwa jeupe. Uso wa mtu aliyezoea kunyamaza.

"Lini wanamchukua?" akauliza.

"Jumamosi. Asipotokea mtu wa kusema huyu ni wangu, manispaa wanampeleka kule mwisho wa makaburi. Kule kwenye namba."

Kule kwenye namba Orfelina alikujua. Vigingi vya mbao na vibati vidogo, na upepo huwa unaving'oa vibati kabla ya mwaka kuisha.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa chama, don Ramiro Oyarzún, akamkuta ofisini amewasha jiko, anasoma gazeti la juzi.

"Tuna nafasi tupu ukutani," alisema Orfelina, bado amesimama. Chama kilikuwa na ukuta wake makaburini, wenye vyumba vya majeneza na vibao vya mawe, na kila kibao kina jina.

"Nafasi ipo, na kanuni ipo," akajibu don Ramiro. "Ndugu wa damu akubali, kwa maandishi au kwa mdomo wake mwenyewe. Umesahau yule tuliyemzika kwa huruma, wanawe wakaja na wakili kutoka Osorno wakidai tumemwiba baba yao?"

"Sijasahau."

"Basi niletee ndugu, na mimi mwenyewe nitabeba jeneza upande wa mbele. Bila ndugu, hapana. Usinitazame hivyo, Orfelina."

"Sikutazami vyovyote. Nawaza nianzie wapi."

Hakumlaumu. Kanuni aliijua, naye alikuwamo kikaoni siku ilipopitishwa. Lakini alijua pia jambo jingine, ambalo hakuwa na haja ya kulisema kwa sababu kila mtu chamani alilijua. Baba yake alivuka mpaka kwenda Argentina kukata manyoya ya kondoo, yeye akiwa hajaanza shule, na habari zake hazikurudi tena. Mama yake aliishi miaka yote iliyobaki bila kujua avae nguo nyeusi au asivae. Tangu Orfelina apewe kazi ya wafu, hakuna mtu wa visiwani aliyezikwa mjini hapa bila nyumba yake kupata habari. Hakuwa tayari kuanza na huyu.

Orfelina aliuliza mtaa kwa mtaa kuhusu mzee wa kidole nusu, mpaka akaipata nyumba alimopanga. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kikroatia, doña Zlata Kusanović, mwanamke mrefu mwenye sauti kama ya nahodha.

"Jina? Wenzake walimwita Castro, nami nikamwita Castro," alisema doña Zlata. "Alisema anatoka Castro."

Orfelina alicheka kidogo. "Mama yangu, wote wanasema wanatoka Castro."

"Kwani ni uongo?"

"Si uongo, ni uvivu. Ukisema unatoka kisiwa fulani, watu wa huku wanakuuliza kiko wapi, na ukieleza wanakuuliza tena. Ukisema Castro, mji mkuu wa visiwa vyetu, wanaitikia kwa kichwa, mnaendelea na kazi. Kama wote waliosema Castro wangekuwa wa Castro kweli, mji ule ungeshazama baharini kwa uzito."

"Basi mimi nimeishi na mtu miaka yote hii simjui hata anakotoka!" Doña Zlata alikaa juu ya kitanda cha marehemu, na kitanda kikalia. "Alikuwa halewi. Halalamiki supu. Wapangaji kama hao hawazaliwi tena. Barua sikuwahi kumwona akiandika wala akipokea. Kitu pekee alichokipenda ni yale makopo yake."

"Makopo gani?"

Nyuma ya nyumba, kwenye kona ambapo kuta mbili zilizuia upepo, kulikuwa na makopo ya rangi yaliyojazwa udongo. Majani yalikuwa yameshakauka. Orfelina aliingiza mkono katika kopo moja akatoa kiazi kidogo, kirefu, kilichopinda kama kidole cha mtu aliyeshika kitu. Kilikuwa cheusi. Alikipasua kwa ukucha: ndani cheupe, na katikati duara la zambarau.

"Alikuwa anavila?" akauliza.

"Kimoja kimoja, siku ya sikukuu. Vingine anavirudisha udongoni. Nilimwambia, mzee, sokoni viazi vimejaa, vikubwa kama kichwa cha mtoto. Akaniambia, hivyo ni viazi vya kushibisha tu."

Orfelina alijaza mfuko wa koti.

Siku iliyofuata wanawake wa chama walikuwa jikoni wakikuna viazi kwa ajili ya milcao, ile mikate ya viazi ya kuuza sikukuu ya mtakatifu. Mikono ilikuwa myeupe kwa wanga mpaka kwenye viwiko. Orfelina alimwaga viazi vyeusi juu ya meza, katikati ya vile vyeupe.

"Hivi ni vya wapi?"

Kazi ilisimama.

"Hivyo kwetu Lemuy tunawapa nguruwe," alisema mmoja.

"Ndiyo maana nguruwe wenu wanapendeza kuliko ninyi," akajibu mwingine, na kicheko kikazunguka jiko zima.

"Acheni utani, shoga zangu. Kuna mtu yuko mochwari hana jina."

Basi wakaacha. Wakavipokezana. Kila mmoja alivigeuza, akavinusa, akabonyeza macho ya kiazi kwa kidole gumba. Mwanamke wa visiwani hanunui mbegu ya viazi. Hupewa na mama yake akiolewa, au na mama mkwe akikubaliwa, na mbegu hiyo huitunza kuliko vyombo vya kabatini. Ndiyo sababu kila pwani ina viazi vyake, na ndiyo sababu wanawake hawa, waliosahau mambo mengi tangu wahamie mjini, walikuwa hawajasahau hilo.

"Quinchao si hivi. Cha Quinchao kina ngozi nyembamba."

"Chelín pia siyo."

"Chemsheni kimoja," alisema Bibi Melania Remolcoy kutoka pembeni ya jiko, mahali pake pa siku zote. "Mnabishana na ngozi kama mnanunua viatu."

Wakachemsha. Bibi Melania akapuliza, akatafuna taratibu na meno yaliyobaki, huku wote wakimtazama mdomo.

"Hiki kimekaa ugenini, kimepoteza utamu kidogo," alisema. "Lakini nakifahamu. Ni cha Quilahue. Nilipokuwa msichana tulikwenda huko kwa mashua kuisindikiza sanamu ya mtakatifu wetu, tukalala nyumba za watu karibu na kanisa. Walitulisha hiki na samaki wa moshi. Nikaomba mbegu, mama mwenye nyumba akanicheka. Akasema, mwanangu, labda uolewe hapa."

"Na wewe hukuolewa huko, bibi?"

"Kijana mwenyewe alikuwa na mapua kama tanga. Hata kwa viazi hivi, nilishindwa."

Orfelina hakungoja milcao iive. Alikwenda ofisi ya simu, akaomba kuunganishwa na redio ya Castro, ile inayosoma matangazo ya visiwani saa ya chakula cha mchana. Kisiwani Quilahue hapakuwa na simu. Palikuwa na redio za betri, na kila jiko lilinyamaza matangazo yalipoanza, kwa sababu ndimo mlimotoka habari za nani amejifungua, boti ya nani imechelewa, ng'ombe wa nani ameonekana kwa jirani.

Hapo kwenye matangazo ndipo Orfelina alipokuwa mwangalifu kuliko mahali pengine pote. Tangazo linasikika na mama, na jirani, na adui, wote kwa pamoja, kijiko kikiwa mdomoni. Kwa hiyo hakuwahi kutangaza kifo redioni. Aliandika kwa namna ambayo wenyewe wangejua na wengine wangebaki wakikisia.

"Nisomee tena," mtangazaji alisema kwenye simu. "Laini inakwaruza."

"Kwa wenyeji wa Quilahue, upande wa kanisa. Nyumba iliyompa msafiri wake mbegu ya kiazi cheusi alipokwenda kukata manyoya. Msafiri ana nusu ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Yuko Punta Arenas, anawahitaji watu wake kabla ya Jumamosi. Wapige simu ya chama."

"Doña Orfelina, hili si tangazo, ni kitendawili."

"Mwenye nacho atakitegua. Lisome leo na kesho. Na usiongeze utani wako."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

Lilisomwa. Siku ile simu haikulia. Siku ya pili alipiga mtu mmoja kutoka Dalcahue kuuliza kama mbegu zinauzwa. Ijumaa asubuhi don Ramiro alimkuta Orfelina ofisini kabla yake, amekaa karibu na simu na kazi ya kufuma mapajani.

"Manispaa wamethibitisha gari la kesho," alisema don Ramiro kwa upole.

"Nimesikia."

"Kama hawajapiga mpaka sasa..."

"Kutoka Quilahue mpaka kwenye simu ni safari ya boti, don Ramiro, na jana kulikuwa na mawimbi. Weka kuni jikoni, tukae."

Simu ililia karibu na adhuhuri. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, kavu, iliyojaa upepo wa bandarini.

"Naongea na aliyetuma lile tangazo?"

"Ndiye mimi. Orfelina Chiguay."

"Mimi naitwa Ercira Guenchur. Nimepanda boti kuja Achao, penye simu, ili nikwambie uache kulisoma."

Orfelina aliweka chini sindano za kufumia. "Unamfahamu msafiri, doña Ercira?"

"Nilikuwa na kaka. Eliseo. Alikatwa kidole na msumeno wa baba. Alikwenda kukata manyoya, na mashua iliyokuwa inawarudisha ikazama na watu wote, jina lake likiwemo kwenye orodha. Tulimfanyia siku zake tisa za sala ya wafu. Tulichinja, tulilisha kisiwa kizima, mama yangu alisali mpaka sauti ikakauka. Kaka yangu amekwisha kufa, mama. Amekufa vizuri."

"Pole sana."

"Pole ya nini? Ya zamani au ya sasa?"

"Amefariki Jumatatu," alisema. "Nafikiri mashua ile ilimwacha, au yeye aliiacha. Sijui kwa nini hakuandika. Sitakudanganya kwamba najua."

Doña Ercira alishusha sauti: "Alikuwa na mke. Clorinda. Alilia mwaka mzima, halafu akaolewa, kanisani, kama mjane. Ana watoto watano na mume wa pili. Nikisema leo kwamba Eliseo alikuwa hai, wale watoto ni nini? Na yeye alikuwa nani? Siwezi. Mzikeni ninyi. Mna moyo mzuri, naona."

"Tunataka kumweka ukutani kwetu. Inatakiwa ndugu wa damu akubali, basi. Neno moja."

"Na mtaandika jina?"

"Kila kibao kina jina."

"Vijana wetu wanakuja huko kila msimu wa manyoya. Wanakwenda kuwasha mishumaa kwenye ukuta wenu, wanasoma. Wiki moja, jina litakuwa limeshafika Quilahue. Hapana. Mpelekeni hata kwenye namba. Alichagua mwenyewe kuwa hana jina."

Don Ramiro, aliyekuwa akisikia nusu, alitikisa kichwa kama mtu anayesema, umefanya ulichoweza. Orfelina akamgeuzia mgongo.

"Doña Ercira, mimi sikuhukumu," alisema. "Wala kaka yako. Lakini baba yangu yuko ng'ambo mahali, labda chini ya namba, na mama yangu alikufa akiuliza. Nimekutafuta kwa kiazi, mama. Wanawake wa jikoni kwetu wamekitafuna mpaka wamekupata. Siwezi kukuacha kwa simu moja. Ukikata, nitalisomesha tena tangazo leo mchana."

"Unanitisha?"

"Hapana. Nakwambia nitakachofanya."

Ikasikika purukushani, sauti ya pili, ya juu zaidi, ikisema nipe, nipe hiyo, nimesimama hapa kama nguzo.

"Halo! Wewe ndiye wa Punta Arenas?"

"Ndiye."

"Mimi ni Clorinda. Wifi yangu alidhani amefika kwenye simu peke yake. Boti ni ya mwanangu, atakujaje peke yake? Viazi vile ni vyangu. Nilimwekea kwenye mfuko wake usiku wa kuondoka, nikamwambia uvile njiani. Havikuwa vya kupanda."

"Alivipanda," Orfelina alisema. "Kila mwaka. Kwenye makopo."

Sauti ya Clorinda ilikaza.

"Basi alikuwa na akili timamu. Angekuwa ameharibikiwa kichwa ningemsamehe hapa hapa. Mtu mwenye nguvu ya kupanda viazi kila mwaka ana nguvu ya kuandika mistari miwili. Niliposikia lile tangazo mume wangu alikuwa ananitazama. Akasema, Clorinda, nenda. Mume huyo ana utu kuliko wote tuliowahi kuwajua. Sasa nisikilize. Andika jina lake. Lote. Eliseo Guenchur Levicoy, aliyezaliwa Quilahue, na si Castro wala wapi. Nataka akae mahali panapojulikana, ili nikija nijue ni kwa nani ninapiga kelele."

"Na watoto wako, doña Clorinda?"

"Watoto wangu wana ndevu. Mkubwa ananisubiri kwenye boti, ameshajua. Nani atamfukuza nyumbani? Padri? Padri mwenyewe ana deni la kuni kwangu."

Orfelina alijikuta akitabasamu, kisha akakumbuka don Ramiro, akamtazama. Mzee yule alikunja uso kwa huzuni ya kweli.

"Damu, Orfelina," alinong'ona. "Mke si damu. Sitaki kusema, lakini ndivyo ilivyo."

Orfelina akavuta pumzi. "Doña Clorinda, kanuni yetu inataka neno la dada."

"Anataka neno lako, Ercira!" ilisikika mbali na simu. "Nani kakuambia ujibebeshe aibu yangu miaka yote? Nilikuomba? Sema, hapa kuna watu wanasubiri simu."

Mtu alikohoa bandarini. Orfelina aliunyoosha mkono wake na kumkabidhi don Ramiro kipokea sauti, kwa kuwa neno lile lilipaswa kusikika na mwenyekiti, naye akakishika kwa mikono miwili, ameinama kama mtu aliye kanisani.

"Nasikia, mama," alisema. "Chukua muda wako."

Alisikiliza. Orfelina hakusikia kilichosemwa, aliona tu midomo ya don Ramiro ikifuata maneno, na macho yake yakijaa maji polepole.

"Ndiyo," alisema don Ramiro. "Ndiyo, mama. Kaka yako. Nimesikia." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na siku tisa? Tumsalie huku?" Akasikiliza tena, na safari hii akatazama dari kuzuia kicheko kilichokuwa kinampanda kwa nguvu. "Nitamwambia."

Aliweka simu chini, akatoa leso.

"Amesema nini?"

"Dada amekubali. Kuhusu sala, yule mwingine alimnyang'anya simu. Anasema sala zake alishasaliwa, zote tisa, tena na mama yake mzazi, na haoni kama zimeoza. Anasema tuwalishe watu tu."

Orfelina alichukua koti. Ilibidi afike mochwari kabla hawajafunga, halafu manispaa kuzuia gari, halafu kwa mchonga mawe, ambaye Ijumaa alipenda kuondoka mapema. Mlangoni alisimama akafunga kitambaa chake.

"Don Ramiro, ulisema upande wa mbele wa jeneza."

"Nilisema."

"Basi kesho vaa viatu vya kukanyagia theluji. Kule ukutani kumeganda."